Kiraka Hakijaisha Mpaka Mashine Iwashwe Upya

Katika nyumba za wageni za Shela, na katika ofisi kadhaa za Mkomani na Langoni hapa Lamu, bado ninazikuta kompyuta za Apple zilizotengenezwa kati ya mwaka 2009 na 2011, ambazo wenyewe walizileta walipokuja kukarabati nyumba za kale, kisha wakawaachia wasimamizi wao walipopata mpya. Ni mashine zilizotengenezwa kwa uimara. Zinaandika majina ya wageni, zinatunza hesabu za maji na stima, zinachapa risiti, na hazijachoka. Kinachoziunganisha ni kwamba mfumo wa uendeshaji wa mwisho ambao Apple iliziruhusu kuupokea ni macOS High Sierra, na ndiyo sababu kosa moja la kuingia katika mfumo huo, ambalo kwingineko watu wamekwisha kulisahau, kwangu mimi bado ni jambo la kukaguliwa kila mashine ya namna hiyo inapoletwa mezani.

Ninakusudia kulieleza kosa hilo kwa utaratibu, na zaidi ya kosa lenyewe, namna lilivyozibwa. Naona mafundi wengi wa pwani huhesabu kwamba kazi ya kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba kosa la programu, imekwisha pale faili linapomaliza kupakuliwa, ilhali kisa cha High Sierra kinaonyesha wazi kwamba kati ya kupakua kiraka na kulindwa nacho kuna hatua ambazo zikirukwa, mashine hubaki wazi huku mwenyewe akiamini kuwa imefungwa.

High Sierra ilitolewa tarehe 25 Septemba 2017. Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, Lemi Orhan Ergin, mtengenezaji wa programu kutoka Uturuki, aliandika hadharani kwenye Twitter, akiielekeza kauli yake kwa Apple, kwamba mtu yeyote aweza kuingia katika kompyuta yenye mfumo huo akiwa na mamlaka ya juu kabisa bila kujua nenosiri lolote. Njia yenyewe haikuhitaji programu ya ziada wala ujuzi wa udukuzi. Mtu alifungua mipangilio ya mfumo, akaenda sehemu ya watumiaji, akabonyeza alama ya kufuli, kisha kwenye nafasi ya jina akaandika "root", nafasi ya nenosiri akaiacha tupu, na akabonyeza kitufe cha kufungua. Mara ya kwanza mfumo ulikataa. Alipobonyeza tena, ulifunguka. Baada ya hapo jina hilo hilo bila nenosiri liliweza kutumiwa hata kwenye skrini ya kuingilia mashine inapowashwa, na pale ambapo huduma ya kushiriki skrini ilikuwa imewashwa, liliweza kutumiwa na mtu aliye mbali kupitia mtandao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na jina hilo, root ni akaunti ya mwenye mamlaka yote katika mifumo iliyotokana na Unix, na macOS ni mmoja wa mifumo hiyo. Akaunti hiyo husoma faili za kila mtumiaji, hubadilisha manenosiri ya wengine, huweka na kuondoa programu, na yaweza kufuta kumbukumbu zinazoonyesha nani aliingia na alifanya nini. Kwa sababu ya uwezo huo, Apple huiacha ikiwa imezimwa tangu mwanzo, na mtu aweza kuitumia kompyuta yake kwa miaka mingi asijue kwamba akaunti hiyo ipo. Jambo hili la kuzimwa ndilo kiini cha kosa lote, kwa maana akaunti iliyozimwa ili isiwe hatari ndiyo iliyofunguka.

Patrick Wardle, mtafiti wa usalama wa Marekani ambaye kwa miaka mingi amejishughulisha na mifumo ya Apple, aliichambua programu inayohusika na akaonyesha kilichokuwa kikitendeka. Ndani ya macOS kuna programu inayofanya kazi chinichini iitwayo opendirectoryd. Sehemu nyingine za mfumo huiuliza swali moja tu: je, jina hili na nenosiri hili vinalingana? Kwa akaunti ya kawaida, programu hiyo huchukua alama iliyokokotolewa kutokana na nenosiri, ambayo imehifadhiwa kwenye diski, na kuilinganisha na ile inayokokotolewa kutokana na kile ambacho mtu ameandika. Akaunti iliyozimwa haina alama hiyo. Ikikosekana, programu ilifuata njia ya pili, iliyowekwa kwa ajili ya akaunti zilizohifadhi manenosiri kwa mtindo wa zamani: kwenye njia hiyo ililinganisha nenosiri kwa mtindo huo wa zamani, na likilingana, iliihamishia akaunti kwenye mtindo mpya kwa kulihifadhi upya nenosiri lililoandikwa.

Kosa lilikuwa kwamba jibu la ule ulinganishaji wa njia ya pili halikukaguliwa ipasavyo. Ulinganishaji ulishindwa, kama ilivyopaswa, lakini programu ikaendelea kana kwamba umefaulu, ikachukua kile mtu alichoandika, ikakihifadhi kuwa nenosiri la root, na akaunti ikawa imewashwa. Ni mfano wa bawabu aliyepewa daftari la wenyeji, akaulizwa na mgeni kama jina lake limo, akalikosa, akaliandika yeye mwenyewe, kisha mgeni alipouliza mara ya pili akamwambia kwamba jina limo na apite. Ndiyo maana jaribio la kwanza lilikataliwa na la pili likakubaliwa: mara ya pili programu ilikuwa ikisema kweli, kwa kuwa nenosiri tupu lilikuwa limekwisha kuwa nenosiri halali. Tena utupu wenyewe haukuwa na umuhimu wowote. Mtu angeandika neno jingine lolote katika jaribio la kwanza, neno hilo ndilo ambalo lingekuwa nenosiri la root.

Nimelikalia jambo hili kwa urefu kwa sababu nimesikia mara nyingi likielezwa kwamba Apple ilisahau kuweka nenosiri. Maelezo hayo si sahihi, na humfanya fundi atafute tatizo mahali pasipo. Tatizo lilikuwa katika njia ya pembeni, ambayo mtumiaji wa kawaida haipiti na ambayo pengine wajaribu programu hawakuipita vya kutosha. Makosa ya kuingia katika mifumo mara nyingi hukaa huko huko. Desemba 2015 watafiti wawili wa Hispania, Hector Marco na Ismael Ripoll, walionyesha kwamba GRUB, programu inayoanzisha kompyuta nyingi zenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, ilikuwa inaweza kupitwa kwa kubonyeza kitufe cha kufuta herufi mara 28 kwenye nafasi ya jina. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba mtu angefuta herufi ambazo hakuziandika. Programu haikukagua kama kuna kitu kilichobaki cha kufutwa, hesabu yake ikashuka chini ya sifuri, na mlolongo wa makosa yaliyofuata ukamfikisha mtu kwenye sehemu ya dharura ya mfumo bila kuulizwa nenosiri. Kosa hilo lilikuwamo katika matoleo ya GRUB tangu mwaka 2009.

Palikuwa na mjadala kama Ergin alifanya vyema kulitangaza kosa hadharani. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wenzake kazini walikuwa wamekwisha kuiarifu Apple siku chache kabla. Kwa maoni yangu njia iliyo bora ni kumwarifu mtengenezaji faraghani na kumpa muda, kwa sababu siku kosa linapotangazwa, wasiojua kujilinda ni wengi kuliko wanaojua, na msimamizi wa nyumba ya wageni Shela hafuati habari za usalama wa kompyuta usiku na mchana. Hata hivyo siwezi kukanusha kwamba baada ya tangazo lile kiraka kilipatikana katika muda wa siku moja.

Kiraka hicho kilitolewa tarehe 29 Novemba 2017 kwa jina la Sasisho la Usalama 2017-001. Maelezo ya Apple yalikuwa mafupi: palikuwa na kosa la kimantiki katika kuthibitisha vitambulisho vya kuingia, nalo limerekebishwa kwa kuboresha uthibitishaji huo. Katika programu yenyewe marekebisho yalikuwa madogo, yaani jibu la ulinganishaji likaanza kukaguliwa kabla ya hatua ya kuhifadhi. Kampuni iliomba radhi kwa watumiaji wake, na siku hiyo hiyo ikaanza kukisukuma kiraka kwenye mashine zenye High Sierra toleo la 10.13.1 bila kumsubiri mwenyewe akiombe. Kiraka pia kiliizima tena akaunti ya root, hata kwa yule aliyekuwa ameiwasha kwa makusudi kwa ajili ya kazi zake, naye ikambidi aiwashe upya na kuipa nenosiri jipya. Huo naona ulikuwa uamuzi mzuri, kwa kuwa mfumo hauwezi kujua kama root iliyowashwa iliwashwa na mwenye mashine au na mtu aliyepita dirishani.

Kisha matatizo mawili yakafuata, na haya ndiyo yanayonifanya niandike.

La kwanza ni kwamba katika baadhi ya mashine zilizopokea kiraka, ushirikianaji wa faili uliacha kufanya kazi. Mtu alijaribu kufungua folda iliyo kwenye kompyuta ya chumba cha pili, akaandika jina na nenosiri lake sahihi, na akakataliwa. Apple ilitoa amri moja fupi ya kuandikwa kwenye Terminal, programu ya kuipa mashine amri kwa maandishi, ili kulirekebisha, kisha ikatoa kiraka kipya chenye marekebisho hayo ndani yake. Kwa mtu mwenye mashine moja hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa ofisi ndogo ambayo karani anafungua daftari la wageni lililo kwenye kompyuta ya mhasibu, ni kazi ya siku nzima kusimama, na hapo ndipo huzaliwa ile kauli ninayoisikia mara kwa mara, kwamba masasisho huharibu kompyuta na kwamba bora kuyazima. Siwalaumu wanaosema hivyo. Wameona kwa macho yao kitu kilichokuwa kikifanya kazi jioni kimekataa asubuhi, na kosa lililozibwa hawakuliona kamwe.

La pili lilikuwa zito zaidi. Wale waliokuwa bado na toleo la kwanza, 10.13.0, na wakakipokea kiraka, kisha baadaye wakapandisha mfumo hadi 10.13.1, waliurudisha mwanya ule ule. Toleo la 10.13.1 lilikuwa limeandaliwa kabla ya kiraka, kwa hiyo lilipowekwa lilikuja na programu ya opendirectoryd yenye kosa na kuiandika juu ya ile iliyokuwa imerekebishwa. Ilibidi kiraka kiwekwe tena. Na hata kilipowekwa tena, kulikuwa na watu waliogundua kwamba kosa lingalipo, mpaka walipoizima mashine na kuiwasha upya, hatua ambayo kiraka chenyewe hakikuwadai.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kuwasha upya kuna uzito. Programu inapoanza kufanya kazi, mfumo huichukua kutoka kwenye diski na kuiweka katika kumbukumbu ya muda, na kutoka hapo huendelea kuitumia nakala ile iliyo kwenye kumbukumbu. Kiraka hubadilisha faili lililo kwenye diski. Nakala iliyo kwenye kumbukumbu haijui kwamba faili lake limebadilishwa, na itaendelea kuwajibu wanaouliza kuhusu manenosiri kwa namna ile ile ya zamani hadi itakaposimamishwa na kuanzishwa tena. Programu kama opendirectoryd huanza mashine inapowashwa na haisimami mpaka mashine izimwe. Kufunga kifuniko cha kompyuta mpakato hakuizimi, huilaza tu, na ikiamka huendelea na kumbukumbu ile ile. Hapa Lamu nimekutana na mashine ambazo hufungwa kifuniko kila jioni na kufunguliwa kila asubuhi, na hazijawahi kuzimwa kabisa tangu stima ilipokatika mara ya mwisho wakati betri imeisha. Ukizitazama zinasema kwamba sasisho limewekwa, na ni kweli limewekwa, lakini kinachofanya kazi ni programu ya kale.

Bi mmoja anayesimamia nyumba ya wageni Shela, ambaye ni mtu wa makamo ya mamangu na huzitunza hesabu zake kwa uangalifu mkubwa, aliniuliza swali ambalo nalihesabu kuwa la haki kabisa.

"Mwanangu," alisema, "ikiwa wenyewe wametengeneza tangu mwaka huo, wewe waogopa nini leo?"

"Mama," nilimjibu, "wametengeneza kwao. Mimi nataka kujua kama hii iliyo mbele yako imetengenezwa."

Jibu langu lilikuwa na sababu mahususi. Mafundi wengi wa mji huu na wa Malindi tunatembea na flashi yenye kisakinishi cha High Sierra, na visakinishi hivyo huazimana na kunakiliwa mkono kwa mkono, kwa sababu kupakua mfumo mzima ni gharama kubwa ya bando na huchukua muda mrefu. Kisakinishi kilichonakiliwa kabla ya Desemba 2017 kina toleo la 10.13.0 au 10.13.1. Diski ya mashine ya zamani inapokufa na kubadilishwa, fundi huweka mfumo kutoka kwenye flashi hiyo, huona kwamba kila kitu kinafanya kazi, na huirudisha mashine kwa mwenyewe. Saa hiyo hiyo kosa la Novemba 2017 limerudi likiwa zima kabisa, kwenye mashine ambayo miaka yote hiyo ilikuwa imekwisha kuzibwa. Mwenye mashine hana namna ya kujua, kwa kuwa skrini ya kuingilia ni ile ile na nenosiri lake linaulizwa kama kawaida.

Kwa hiyo ninapoletewa mashine yenye High Sierra, kwanza natazama namba ya toleo. Ikiwa ni 10.13.2, iliyotolewa tarehe 6 Desemba 2017, au zaidi ya hapo, marekebisho yamo ndani ya mfumo wenyewe. Ikiwa ni toleo la chini ya hapo, nafungua Terminal na kuiuliza mashine toleo la programu ya opendirectoryd iliyo kwenye diski, kwa amri ambayo Apple yenyewe iliielekeza. Katika mfumo wa 10.13.0 programu iliyorekebishwa hujitambulisha kwa namba 483.1.5, na katika 10.13.1 hujitambulisha kwa namba 483.20.7. Namba hizo zikionekana, nazima mashine kabisa na kuiwasha upya hata kama mwenyewe ananihakikishia kwamba aliiwasha asubuhi, na baada ya hapo ndipo najaribu kuingia kwa jina la root bila nenosiri, mara ya kwanza na ya pili na zaidi, mpaka niridhike.

Mpangilio huo wa kusoma namba kwanza na kujaribu baadaye sikuuchagua ovyo. Jaribio lenyewe, likifanywa kwenye mashine yenye kosa, ndilo linaloiwasha akaunti ya root na kuipa nenosiri tupu. Siku kosa lilipotangazwa, watu wengi walijaribu kwa kutaka kujua tu, wakaona mfumo umefunguka, wakafunga dirisha na kuendelea na shughuli zao, huku mashine zao sasa zikiwa na akaunti ya mamlaka yote iliyo wazi. Anayejaribu kwenye mashine isiyozibwa lazima aipe root nenosiri refu papo hapo.

Na hilo ndilo lililokuwa pia kinga ya muda kabla kiraka hakijafika: kuiwasha root kwa makusudi na kuipa nenosiri gumu. Wengi walidhani kinga ni kuizima, na hapo ndipo ufahamu wa chanzo cha kosa unapookoa. Akaunti iliyozimwa haina alama ya nenosiri, na kukosekana kwa alama ndiko kulikoipeleka programu kwenye ile njia ya pili. Aliyeizima root aliirudisha mashine kwenye hali ile ile ya hatari. Aliyeiwasha na kuipa nenosiri aliifanya programu ipite njia ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa. Mpaka leo, nikiwa mahali ambapo hakuna mtandao wa kupakua chochote, hivyo ndivyo ninavyofanya kabla sijaondoka.

Liko jambo jingine ambalo kiraka hakilifanyi na halikuwa jukumu lake. Kinaziba mwanya, lakini hakimwondoi aliyekwisha kuingia. Mtu aliyepata mamlaka ya root kwa dakika chache aliweza kujifungulia akaunti nyingine ya msimamizi kwa jina la kawaida kabisa, na akaunti hiyo itaendelea kuwapo baada ya kiraka. Kwa sababu hiyo naikagua orodha ya watumiaji pamoja na mwenye mashine, jina kwa jina, na kila jina ambalo hakuna anayelitambua tunaliuliza ni la nani. Mara nyingi huwa ni la mfanyakazi aliyeacha kazi au la mtoto wa mwenye nyumba aliyekuja likizo. Lazima liulizwe hata hivyo. Ama mashine ambazo diski zake zilifumbwa kwa FileVault, huduma ya macOS ya kuifumba diski nzima, hizo zilikuwa na nafuu zilipokuwa zimezimwa, kwa maana diski haisomeki mpaka ifunguliwe na mtumiaji aliyeruhusiwa, na root hakuwa miongoni mwao.

Tabia hii ya kiraka kuhitaji hatua ya pili haiko kwa Apple peke yake. Agosti 2020 Microsoft ilitoa kiraka cha kosa lililopewa jina la Zerologon, lililokuwa katika namna seva za Windows zinavyothibitishana zinapojulishana nani ni nani katika mtandao wa ofisi. Mshambuliaji alituma sifuri tupu mahali pa vitambulisho, na kwa wastani jaribio moja katika 256 lilikubaliwa, jambo ambalo kwa kompyuta ni kazi ya sekunde chache. Kiraka cha Agosti kilivilazimisha vifaa vya Windows kutumia njia salama, lakini vifaa vingine vya zamani viliachwa viendelee kwa muda, na ulazimishaji kamili ulikuja tarehe 9 Februari 2021. Miezi hiyo yote msimamizi wa seva alitakiwa asome kumbukumbu za mfumo na kuona ni vifaa gani bado vinaingia kwa njia dhaifu. Aliyeweka kiraka cha Agosti na kugeuka kufanya mengine alikuwa amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu bando, najua kwamba ndilo linalowafanya wengi wazime masasisho, na sioni faida ya kumhubiria mtu ambaye bando lake la wiki nzima huliwa na sasisho moja usiku. Njia ninayoipendekeza ni kupakua mara moja sasisho la jumla la 10.13.6, ambalo Apple ililitoa kama faili linalojitegemea na ambalo huipandisha mashine kutoka toleo lolote la High Sierra hadi la mwisho, kisha kulihifadhi kwenye flashi ile ile iliyo na kisakinishi. Fundi akimaliza kuweka mfumo, analiweka na sasisho hilo kabla mashine haijaunganishwa na mtandao wowote. Baadaye mwenye mashine atapakua viraka vichache vilivyofuata, ambavyo havifiki ukubwa wa mfumo mzima. Visakinishi vya 10.13.0 na 10.13.1 vilivyobaki kwenye flashi zetu vifutwe na mahali pake pawekwe kisakinishi cha 10.13.6.

Hata hivyo mashine iliyofikishwa 10.13.6 na kupewa viraka vyote inabaki na tatizo ambalo siwezi kulificha mbele ya wenyewe. Apple iliacha kutoa viraka vya High Sierra baada ya Novemba 2020. Januari 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Qualys ilitangaza kosa katika sudo, programu ambayo humpa mtumiaji aliyeruhusiwa mamlaka ya root kwa kazi moja moja. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwaka 2011 na lilimwezesha mtumiaji yeyote wa mashine, hata asiyeruhusiwa, kuwa root. Tarehe 9 Februari 2021 Apple ilitoa marekebisho kwa Big Sur, Catalina na Mojave, matoleo ya macOS yaliyokuja baada ya High Sierra. High Sierra haikuwamo.

Kwa mashine hizi za 2009 hadi 2011 naona njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendelea pale ambapo kazi ni kuandika, kuhesabu na kusoma barua pepe, ni kuiondoa macOS na kuweka Linux, kwa mfano ile iitwayo Debian, ambayo inazikubali mashine nyingi za umri huo na inaendelea kupewa viraka. Kosa la sudo lilizibwa katika Debian siku ile ile lilipotangazwa, tarehe 26 Januari 2021. Ya pili, kwa yule ambaye programu yake ya hesabu haipatikani kwingine, ni kubaki na High Sierra lakini mashine itolewe kwenye Wi-Fi wanayopewa wageni na iwekwe kwenye mtandao wake yenyewe, kushiriki skrini na kuingia kwa mbali kuzimwe, kila mfanyakazi awe na akaunti yake isiyo ya usimamizi, na chumba iliyomo kifungwe wakati hakuna mtu wa mapokezi. Bi wa Shela amechagua njia ya kwanza, na tumekubaliana kwamba daftari lake la wageni linakiliwe na kuhakikiwa kwenye diski ya nje kabla sijagusa chochote.